Mezani na Mama Nyamuoch

Hoteli za Juba zina tabia moja ambayo mpaka leo imenishinda kuelewa. Ukutani kumebandikwa orodha ndefu ya vyakula, imechapwa kwa rangi na kufunikwa plastiki: kuku wa kienyeji, pilau, matoke kwa nyama, maini, samaki mzima, samaki nusu, chapati kwa mayai. Unaisoma huku mate yanakujaa. Halafu anakuja mhudumu, unamtajia ulichochagua, naye anakuangalia kwa huruma na kusema, "Mafi." Yaani hakuna. Unataja cha pili, mafi. Cha tatu, mafi. Ukishachoka kusoma unamuuliza basi kuna nini, na jibu ni maharagwe. Sasa kama ni maharagwe, si mngeandika maharagwe tu mkaokoa rangi?

Siku ile sikutaka kusikia mafi. Nilikuwa nimepita asubuhi kwa Erina, pale Buluk, nikatoa maagizo mwenyewe. Erina ni Mganda wa Mbale, mama mwenye mwili na kicheko kikubwa, na samaki wake wa kukaanga wanasifiwa mpaka ng'ambo ya daraja. Nilimwambia mchana naleta wageni wazito, aniwekee samaki wawili wakubwa wa leo, si wa jana. "Hakuna shida, wewe leta watu," alisema. Basi nikaleta watu.

Mgeni mwenyewe alikuwa Mama Nyamuoch. Nyamuoch ndiye msichana ninayetaka kumwoa. Anafanya kazi kwenye maabara ya zahanati moja kule Sherikat. Baba yake alishafariki. Jumamosi ya wiki ile wazee wake na wazee wangu wangeketi, wangebishana kuhusu ng'ombe mpaka sauti ziwakauke, lakini kila mtu alijua kwamba mwishowe wangemgeukia yule mama na kumuuliza anasemaje. Na hodi haikuwa yangu peke yangu. Kulikuwa na jamaa mwingine wa upande wa Bilpam, mwenye gari la vioo vyeusi na ng'ombe ambao tayari walikuwa zizini. Ng'ombe wangu mimi walikuwa bado mdomoni mwa wajomba. Mama Nyamuoch akitikisa kichwa, nimekwisha.

Mimi ni Mnuer, lakini Mnuer wa Nakuru. Nilifika Kenya nikiwa mgongoni, nikarudi Juba na ndevu, na sasa nafunga sola kwenye mapaa ya watu. Kinuer changu ni cha kusalimia na kununulia sukari. Mila nilikuwa nazo vipande vipande, nilivyookota kwa simu kutoka kwa baba yangu mdogo, Both, anayeishi Malakal. Kuhusu ukwe aliniambia jambo moja na akalikazia: "Nyumbani kwa mama mkwe usile kitu. Hata maji usinywe, mpaka umpelekee mbuzi wa heshima." Nikalishika. Kila nilipokwenda kwa kina Nyamuoch niliketi kwenye kiti cha uani, jua linanichoma, nakataa chai huku koo limenikauka.

Lakini utazoeana vipi na mtu bila hata kikombe cha chai katikati yenu? Ndipo nikapata wazo, na nilipolipata nilijiona nina akili kuliko wazee wote wa Malakal. Mwiko ni wa nyumbani kwake. Basi nitamtoa nyumbani. Nitampeleka hotelini! Hoteli si nyumba ya mtu.

Kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo hata Nyamuoch sikumwambia. Kule Nakuru mama yangu alikuwa akiwafulia watu nguo, na kila mwisho wa mwezi, tukitoka kanisani, alinipeleka kwenye kihoteli kimoja karibu na soko. Tuliagiza sahani moja ya chipsi. Mimi nilikula, yeye akiniangalia, halafu akamalizia zilizobaki. Alifariki kabla sijamaliza shule ya msingi, na tangu hapo sijaketi mezani na mtu ninayemwita mama. Nilitaka kuketi hivyo tena. Nilitaka sana.

Kwa hiyo nikampigia simu Nyaboth, mdogo wake Mama Nyamuoch, ambaye maneno yote hupitia kwake. Nyamuoch sikumwambia, nilitaka asikie jioni kwa mama yake jinsi mchumba wake alivyo muungwana.

"Unataka kumpa dada yangu chakula hotelini?" Nyaboth aliuliza.

"Ndiyo, anti."

"Yeye ale?"

"Ale ashibe!"

Alizungumza na mtu pembeni, akarudi. "Amesema sawa. Amesema wewe ni kijana mzuri."

Usiku ule nililala nikitabasamu.

Basi wakafika kwa Erina, Mama Nyamuoch pamoja na Nyaboth. Mama Nyamuoch ni mrefu, mkavu, hana maneno mengi. Alikuwa amejifunga shuka jipya la njano begani, na hilo lilinifurahisha, maana mtu havai nguo mpya kwenda mahali anapopadharau. Mimi nilikuwa nimepiga pasi shati mpaka likawa gumu. Niliwachagulia meza ya pembeni, kando ya ukuta wa mkeka, mbali na vumbi la barabara. Feni ilikuwa juu ya vichwa vyetu na haizunguki. Nilitoka kuangalia paa na nusura nilie: sola ya Erina imewekwa chini ya mwarobaini, kwenye kivuli kizito, kana kwamba inaotesha uyoga.

Akaja Jude, mhudumu, pande la mtu mwenye taulo begani.

"Lete wale samaki," nikamwambia.

"Samaki bado, bosi."

"Bado nini? Niliagiza asubuhi."

"Iko njiani. Iko kwa boda."

"Kuku je?"

"Mafi."

"Pilau?"

"Pilau iko ya Ijumaa."

"Jude," nikasema kwa sauti ya chini, nikiuma meno, "usiniaibishe mbele ya hawa wamama. Una nini?"

"Maharagwe," akasema Jude.

Niliomba soda. Zikaja za moto. Nikazirudisha, zikaja zile zile zimepitishwa kwenye maji, chupa inatoa machozi nje na ndani ni chai. Mama Nyamuoch aliishika yake bila kuifungua. Jude akaleta birika la maji ya kunawa, naye akanawa vizuri, mpaka viwiko, kama mtu anayejiandaa kwa kazi. Nikasema moyoni, huyu mama atakula leo. Kisha akakigeuza kiti chake, akakaa ubavu, uso kwenye mkeka, na kuvuta ncha ya shuka mpaka mdomoni.

Nikadhani ni kiti. Viti vya plastiki vya Juba unavijua. Kimoja kati ya viwili kina mguu uliovunjika ukaunganishwa kwa waya. Nikamwomba radhi nikambadilishia. Akakigeuza na hicho. Nikadhani ni jua, kwa sababu palikuwa na tundu kwenye turubai. Nikamwita Jude tukahamisha meza nzima, soda zikamwagika, wamama wamesimama wanatungoja. Akaketi, akageuka tena.

"Wewe leo hapana kwenda kazi?" akaniuliza. Kiswahili chake ni cha kambini Kakuma, alikouza unga miaka mingi. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha siku hiyo.

Nilifurahi kuulizwa. "Nimechukua ruhusa, mama. Siku nzima! Leo mimi ni wako tu."

Akamtazama Nyaboth. Nyaboth akatazama soda yake.

Samaki wakafika. Lazima niseme ukweli hata kama bado nina hasira: wale samaki walikuwa wazuri. Wakubwa, mikia imetokeza nje ya sahani, ngozi imekauka na kupasuka pasuka, vitunguu vibichi na ndimu pembeni, na ile pilipili ya kusaga ya Erina inayomfanya mtu atubu. Ugali moto, mvuke unapanda. Mama Nyamuoch kwao ni Nasir, ukingoni mwa mto Sobat. Amekua na samaki. Nilimwona akivuta harufu chini ya shuka.

"Karibuni, mama. Karibu anti," nikasema, nikakunja mikono ya shati, nikakaa sawasawa na kungoja.

Hakuna aliyegusa.

Nzi wa kwanza akatua. Nikamfukuza. Akaja na ndugu zake. Nikawa napunga mkono juu ya samaki huku nikitabasamu kama mjinga, mama mkwe wangu anasoma mkeka.

"Riang," akasema Nyaboth, "gari lako umeliacha wapi?"

"Pale nje, anti."

"Hutaki kwenda kuliangalia? Watu wa hapa si wazuri."

"Wacha waibe!" nikasema. "Nyinyi ni muhimu kuliko gari."

Nyaboth akafumba macho. Mama Nyamuoch akamwita Jude, akaomba maji tena, akanawa tena. Mikono ilipokauka aliirudisha chini ya shuka.

"Wewe hapana sikia joto hapa?" akaniuliza. "Nje iko upepo."

"Nimezoea, mama. Mimi nashinda juu ya mabati."

Basi, nikahitimisha, ubaya uko kwa samaki. Labda wamekaangwa kupita kiasi. Labda wao kule Sobat huchemsha. Nikamwita Jude, nikamwambia arudishe wote wawili, walete wengine wa kuchemsha, na haraka. Jude alibeba zile sahani, na macho ya Mama Nyamuoch yakazifuata hatua kwa hatua mpaka zikapotelea jikoni. Sijawahi kuona mtu akiangalia kitu kikiondoka vile. Nikaona, lakini sikuelewa. Nilikuwa na kazi ya kukasirika.

Jude akarudi. "Madam anasema ya kuchemsha mafi. Samaki ilikuwa hiyo tu mbili."

"Basi rudisha zile zile!"

"Sasa bosi, wewe unataka au hapana taka?"

Wakarudi, sasa vuguvugu. Saa zilikuwa zinakwenda, njaa yangu mwenyewe ilikuwa imeanza kupiga kelele, sikuwa nimekula tangu jana kwa ajili ya karamu hii. Nikaamua kujikaza kisabuni. Labda wanaogopa chakula cha watu baki. Labda wamesikia maneno ya watu. Kuna njia moja tu ya kumtoa mgeni wasiwasi.

Nikamega pande la samaki, pande kubwa la mgongoni, nikalichovya kwenye pilipili na kulitia mdomoni mbele yao. Nikatafuna kwa nguvu, wasikie utamu wake. "Mmh!" nikasema. "Mama, ona! Mtamu!" Mafuta yalinitiririka mpaka kidevuni.

Nyaboth alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Mama Nyamuoch alikishika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza chote mpaka mgongo wake ukanielekea, akajifunika shuka kichwani.

Hapo nilichemka. Sikuwa na uwezo wa kumkasirikia mama mkwe, kwa hiyo hasira yote nilimpelekea Erina. Nilikwenda mlangoni mwa jikoni na kuuliza kwa sauti ambayo Buluk nzima ilisikia, "Umewapikia wageni wangu nini wewe?"

Erina akatoka na mwiko mkononi, jasho linamtoka. "Mimi?"

"Samaki wako hawaliki! Soda zako za moto! Feni yako ni ya maonyesho! Nimekuambia tangu asubuhi ni watu wazito, na wewe unaniharibia!"

"Wewe Riang, sikia," akasema. "Mimi iko napika hapa siku nyingi. Mkubwa anakula, mdogo anakula, hata mapadri. Hakuna mtu anageuza mgongo kwa samaki yangu. Hao wamama hawajaonja! Wameonja? Sasa unajua vipi iko mbaya?"

Mtu aliyebanwa hupaza sauti. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo simu ikaita. Nyamuoch. Kazini huweka simu kabatini mpaka mapumziko, na asubuhi nilikuwa nimempigia bila sababu, kwa furaha tu.

"Nimeona ulinipigia," akasema. "Kuna nini? Na hizo kelele?"

"Mama yako hataki kula!" nikapayuka. "Nimemleta kwa Erina. Nimebadilisha viti, nimehamisha meza, nimerudisha samaki, amekataa. Nimeonja mbele yake aone hakuna sumu, ndiyo kwanza amejifunika kichwa."

"Umeonja mbele yake," akasema polepole.

"Ndiyo."

"Yaani umefungua mdomo, ukatafuna, mama yangu anakuona."

"Kwani watu hutafuna vipi, Nyamuoch?"

"Na muda huu wote umeketi hapo? Mezani?"

"Sasa ningekaa wapi?"

"Uondoke!" Niliitoa simu sikioni. "Toka hapo sasa hivi! Usiage, usiombe msamaha, usiseme kitu, toka tu! Mama hawezi kula ukimwona, na wewe huwezi kula akikuona. Si nyumbani, si hotelini, si kanisani! Nani alikuambia ni mambo ya nyumba?"

"Both alisema nyumbani kwake nisile..."

"Alisema nyumbani kwa sababu kwao watu hula nyumbani! Angejuaje kwamba Mungu ameumba mtu wa kumpeleka mkwe wake hotelini?"

"Na kwa nini hawakuniambia?"

"Wakuambie uso kwa uso, 'Ondoka tunataka kula'? Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Riang, mama alikuja kwa sababu alijua utamketisha, utaagiza, halafu uende zako. Hivyo ndivyo mtu mwenye adabu angefanya. Mama anapenda samaki kuliko mtu yeyote hapa mjini. Ameshinda anakungoja uondoke!"

Wewe leo hapana kwenda kazi. Gari lako umeliacha wapi. Nje iko upepo. Yote yalinirudia kwa mpigo, pamoja na yale macho yakifuata sahani kwenda jikoni.

"Nimeharibu?" nikauliza.

"Sijui," akasema Nyamuoch, na hasira ilikuwa imemtoka, na hiyo ilinitisha zaidi. "Sijui, Riang. Kutafuna mbele yake... Ngoja nimpigie anti. Wewe toka."

Nikatoka. Nilipita nyuma ya hoteli, nikaketi kwenye kreti ya soda kati ya jenereta na ule ukuta wa mkeka. Upepo aliousema Mama Nyamuoch haukuwepo. Nilikasirika pale nilipoketi. Nilimkasirikia Both na maneno yake nusu. Niliwakasirikia wote walionilea Kenya, wakanifundisha kuvuka barabara na kuimba kwaya, na hakuna aliyenifundisha namna ya kuwa mkwe wa mtu. Nilimkasirikia yule jamaa wa Bilpam, ambaye bila shaka alijua kila kitu. Lakini kilichonikata maini hasa ni kingine. Hata kama nisingeharibu, hata kama ningefanya kila kitu kwa adabu, ile meza niliyoitaka haikuwepo. Nilitaka mama wa kula naye, na mila inasema huyo ndiye mtu mmoja ambaye sitakula naye.

Erina akatokea pembeni, mwiko bado mkononi. Nikasimama.

"Mama Erina, nisamehe. Ubaya haukuwa wa samaki. Ubaya ulikuwa mimi."

"Mimi najua," akasema. "Nyaboth ameniambia sasa hivi. Hata sisi kwetu Mbale mkwe hakai na mama mkwe namna hiyo! Wewe umekulia wapi?"

"Nakuru."

"Haya," akasema, kana kwamba Nakuru ni ugonjwa. "Mimi napasha samaki. Halafu wewe utatoa sola yangu kwenye mti."

"Hata leo."

Akaondoka akicheka. Nikaegemeza mgongo kwenye mkeka. Baada ya muda nikasikia sahani zikiwekwa mezani upande wa pili, na maji ya kunawa yakimiminwa. Halafu nikasikia mtu anakula.

Nisikilizeni, mimi nimekula kwenye hoteli nyingi, lakini sijawahi kusikia mtu akila kwa raha namna ile. Mifupa ilivunjwa, vidole vililambwa. Mama asiye na maneno mengi alikuwa anaongea! Kinuer chake kilikwenda mbio, Nyaboth anacheka, Jude anaitwa, ugali mwingine, pilipili nyingine. Mara likasikika jina langu, na kicheko, kisha sauti ikashuka. Nyaboth alikuwa anaeleza kitu kirefu. Nikalisikia neno Nakuru. Nikasikia "mama yake", kwa Kinuer, hayo maneno nayajua. Kisha kutafuna kukakoma.

Nilijua Nyaboth alikuwa anamweleza nini, maana Nyamuoch alijua kwamba mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na sikupenda. Sikutaka kuhurumiwa. Nilitaka kukubaliwa, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Nyaboth akaja nyuma, akasimama mbali kidogo, akiangalia jenereta badala ya kuniangalia mimi.

"Dada anasema samaki hakuwekwa chumvi."

"Nitamwambia Erina."

"Na anasema pasi yako imeunguza shati mgongoni."

Nikashika mgongo. Kweli.

"Na anasema," akaendelea, "mbuzi utakayemleta usimnunue kwa hawa wa barabarani. Ni mifupa mitupu. Umtafute mzuri, umlete wewe mwenyewe, usitume mtu."

Nilimtazama. "Mbuzi gani, anti?"

"Riang," akasema, na sasa alinigeukia, "kuna mbuzi wangapi? Mbuzi wa mkwe. Akishapokea huyo, na Nyamuoch akishapata mtoto, hizi aibu za mdomo zinapungua. Siku moja atakula ukiwepo. Amesema nikwambie hivyo hivyo, kwa sababu hukuwa na mtu wa kukuambia. Jumamosi atawaambia wazee ni wewe."

Nyaboth aliniachia nafasi ya kufuta uso, akarudi ndani.

Nikamwita Jude kwa kuchungulia kando ya mkeka. Njaa ilikuwa inanitafuna. "Kuna nini?"

"Maharagwe, bosi."

"Lete hayo hayo."

Akaleta, nikaketi tena kwenye kreti, mgongo kwenye mkeka, sahani mapajani. Kabla sijatia kijiko nikasikia Mama Nyamuoch akiuliza kitu upande wa pili, na Nyaboth akajibu. Katika jibu nililishika neno moja tu, maharagwe. Mama Nyamuoch akaguna. Kisha mkeka ukainuliwa chini, karibu na mguu wangu, na mkono ukasukuma sahani nje. Haukuwa wa Nyaboth. Ulikuwa mkavu, mrefu, umenawa mpaka kiwiko, na ulirudi ndani upesi kabla sijauona vizuri.

Sahanini palikuwa na nusu ya samaki, upande ambao sikuumega, umekatwa sawasawa kutoka kichwani mpaka mkiani. Hapakuwa na alama ya kidole. Ule ugali pembeni nao ulikuwa mzima, haukuguswa. Yule mama, na njaa yake yote ya siku nzima, alikuwa amenikatia fungu langu kabla hajaanza kula.

Nikala huku yeye anakula, mkeka katikati yetu. Kweli samaki hakuwa na chumvi. Nilimmaliza mpaka mifupa.